Siku Mama Aliponiamkia Shikamoo

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu usiku, na sisi ofisini tulikuwa tunafunga toleo. Kama umewahi kufanya kazi ya magazeti unajua siku hiyo inavyokuwa. Mchapaji anapiga simu kila baada ya dakika kumi, picha ya jalada haijapatikana, mtu kamwaga kahawa juu ya kurasa zilizokwisha kusahihishwa. Simu yangu ikaita. Alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu, kutoka Machame. Nikaikata. Ikaita tena, nikaikata tena. Mara ya tatu akatuma ujumbe wa maneno mawili tu: "Mama hayupo."

Nikatoka nje kwenye ngazi nikampigia. Mama alipita mlango wa nyuma wakati yeye anakamua ng'ombe, na sasa saa mbili zilikuwa zimepita hajaonekana. Mdogo wangu na vijana wa bodaboda walikuwa migombani na tochi, wanaita. Aliyezaliwa mlimani anaijua migomba ya usiku. Mtu akisimama hatua tano mbele yako humwoni. Halafu kuna makorongo, na chini ya makorongo kuna mito.

Walimpata saa tano kasoro. Ameketi pembeni ya mfongo, miguu iko majini, kanga moja begani, na redio ndogo ya marehemu baba ameipakata kama mtoto. Hakuwa na hofu hata chembe. Alisema anakwenda kwao Kibosho, mama yake anamsubiri, na amechelewa kukata majani ya ng'ombe.

Bibi yangu wa Kibosho alizikwa mwaka 1984. Mimi hata sijazaliwa.

Simu ya Jumapili

Mama ana miaka 74. Alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30, mmoja wa wale walimu waliojua majina ya watoto wa darasa zima, na ya baba zao, na nani kati ya hao baba anadaiwa. Tumezaliwa watano. Kaka mkubwa yuko Arusha, dada yuko Mwanza, kaka anayenitangulia yuko Marekani, mimi niko Dar na mume wangu na watoto wawili. Kitinda mimba ndiye aliyebaki kwenye kihamba na mkewe, kama mila yetu inavyotaka. Sisi wanne tunatuma hela. Na nikwambie ukweli, msomaji wangu, wewe unayetuma hela nyumbani kila mwisho wa mwezi na kujipongeza kimoyomoyo: mimi nilikuwa naamini kabisa kwamba namtunza mama.

Kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nampigia. Ilikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Habari za huko?"

"Njema tu. Baba watoto hajambo? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo mama."

"Huko mvua zinanyesha?"

"Kidogo kidogo."

"Haya, Mungu awabariki. Msalimie mwenzio."

Dakika tatu, imekwisha. Sasa angalia maongezi hayo vizuri. Mtu anaweza kuyafanya akiwa usingizini! Daktari alinieleza baadaye kwamba yale mambo tuliyoyarudia maisha yote, salamu, sala, nyimbo za kanisani, mara nyingi huchelewa sana kupotea. Yanayotangulia kupotea ni ya jana na ya leo asubuhi. Kwa hiyo mama aliweza kunisalimia vizuri, kwa heshima zote, na kuniuliza mvua, huku hajui leo ni siku gani wala kama amekula. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa naongea na salamu za mama.

Na Krismasi? Sisi Wachaga tunajisifu kwamba Desemba lazima turudi nyumbani. Tunarudi kweli. Magari yanajaa uani, mbuzi anachinjwa, mbege inapita, watoto wanapiga kelele, kila mtu anaongea yeye. Mama anakaa kwenye kiti chake na kutabasamu. "Mama siku hizi amekuwa mkimya," dada alisema mwaka mmoja. "Amezeeka," kaka mkubwa akajibu, akaomba aongezewe nyama.

Wifi ndiye aliyeona. Aliona mama akitia chumvi kwenye mtori, akigeuka, akitia tena. Aliona hela ya pensheni ikifichwa ndani ya ndoo ya unga, kisha mtoto wa jirani akisingiziwa wizi. Aliamshwa saa tisa usiku na mama aliyekwisha kuvaa viatu, anataka kwenda kupiga kengele ya shule. Akaandika yote kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa adabu, maana kumsema mama mkwe kwa watoto wake si jambo dogo. Kaka mkubwa akajibu "Tumwombee." Halafu akanipigia mimi pembeni: "Huyu anatutengenezea njia. Anataka kusema amechoka kumtunza mama."

Nami nikaitikia, "Mmh."

Hiyo "mmh" bado inanikaa kooni.

"Dada, huu ni uzee tu"

Baada ya usiku ule wa mfongo nilipanda basi la asubuhi. Nikakuta mlimani kila mtu ana jibu lake. Jirani anasema ni uzee. Shangazi anasema mama amerogwa, na anamjua aliyefanya, sababu ni mpaka wa shamba. Wanamaombi walikwisha kuja mara mbili. Wifi alikuwa amempeleka zahanati moja, wakampa dawa za malaria na kumwambia, "Dada, huu ni uzee tu."

Jambo la kuudhi ni kwamba wilaya hiyohiyo ya Hai, ambako Machame iko, ni mojawapo ya sehemu za Afrika ambako ugonjwa huu umechunguzwa kwa bidii. Tangu mwaka 1992 vijiji vya Hai vilikuwa ndani ya mradi wa kuhesabu watu na kufuatilia vifo na magonjwa, kwa hiyo watafiti walikuwa na pa kuanzia. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliowapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji vya wilaya hiyo. Walikuta kwamba karibu wazee 6 katika kila 100 wana dimenshia. Hebu piga hesabu Jumapili moja wazee wanapotoka kanisani!

Mwaka uliofuata, 2014, Declare Mushi na wenzake wa Moshi na Uingereza walichapisha walichosikia walipowauliza watu wa Hai wenyewe. Wengi waliona kusahau ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Nilipousoma utafiti huo niliona kama wamekaa sebuleni kwetu. Mimi ni mhariri, kula yangu ni kutafuta habari, na habari hii ilikuwa imekaa miaka yote hiyo chini ya migomba ya kwetu.

Watu wanauita ugonjwa wa kusahau. Jina linaeleweka, lakini linapunguza uzito wa jambo. Kusahau ni mlango tu. Nyuma yake kuna kushindwa kufunga kifungo, kuogopa kioo, kumshuku mwanao, kupotea njia uliyopita miaka 50, na mwisho hata kumeza chakula kunakuwa kazi. Pia si ugonjwa mmoja. Unaojulikana zaidi una jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906. Aina nyingine inatokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka kidogo kidogo, na hapo presha ina mkono wake. Mama ana presha ya miaka mingi. Dawa alikuwa anakunywa siku kichwa kikimuuma.

Tulimpeleka hospitali kubwa mjini Moshi, dirisha la wazee. Daktari hakukimbilia jina la ugonjwa. Alipima presha, sukari na damu, akaagiza kipimo cha tezi la shingo na cha vitamini B12, akauliza kama mama anasikia vizuri, akauliza kama ana huzuni tangu baba afariki. Kumbe yapo matatizo yanayofanana na dimenshia na yanatibika, kwa hiyo yanatafutwa kwanza. Alitupa onyo ambalo nalipitisha kwako bila kupunguza: mzee akichanganyikiwa ghafla, leo mzima kesho haeleweki, usisubiri. Mara nyingi ni maambukizi, kama ya njia ya mkojo, au ni dawa alizopewa, na hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Halafu akampa njiti za kiberiti apange umbo alilomwonyesha. Kipimo cha namna hiyo kilitengenezwa kwa utafiti wa Hai na Nigeria, kwa sababu vipimo vya Ulaya vinadai kusoma na kuandika, na wazee wetu wengi hawakupata shule. Unapanga njiti, unataja wanyama unaowakumbuka, unaambiwa maneno kumi na baadaye unaulizwa umebaki na mangapi. Mama aliziangalia njiti, akamwangalia daktari juu ya miwani. "Huu mtihani ni wa darasa la ngapi?" Tulicheka wote. Umbo halikupangika, na katika maneno kumi hakubaki na hata moja.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi maana habari yenyewe ni fupi. Zipo zinazosaidia kumbukumbu kidogo kwa baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya lecanemab inayopunguza kasi ya Alzheimer kwa walio mwanzoni kabisa. Inatiwa kwa dripu, ni ghali, na inahitaji kupigwa picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu inaweza kuuvimbisha au kuutoa damu. Ya kuponya haipo. "Mama yenu atasaidiwa na vidonge vya presha kila siku," daktari alisema, "na watu." Tena akatugeukia sisi watoto na kutuuliza presha zetu ziko ngapi. Hakuna hata mmoja aliyejua.

Wiki tatu za Dar

Uamuzi wangu ulikuwa mwepesi: mama aje kwangu. Mjini kuna madaktari, kuna dada wa kazi, kuna mimi. Mume wangu alikubali bila kusita, na hilo sitamsahaulia.

Ulikuwa ni wazimu mtupu. Sisi tunakaa ghorofa ya nne. Mama hajawahi kuishi mahali ambapo ukifungua mlango hukanyagi udongo. Kila jioni alifunga kanga zake kwenye furushi na kusimama mlangoni. Choo alikuwa anakitafuta nje. Mlimani, hata baada ya akili kuchoka, miguu yake bado inajua: hatua hizi ni za jikoni, hizi za bandani, mgomba huu unakata kushoto. Dar miguu ilikuwa haijui kitu.

Na mume wangu alikuwa mwanamume mgeni ndani ya nyumba. "Yule baba mwenye nyumba amekuja," mama alininong'oneza kila alipoingia kutoka kazini. Jioni moja mama alitoka bafuni bila nguo yoyote, akamkuta mkwewe sebuleni. Mume wangu ni mtu wa Tanga, amelelewa akajua mama mkwe ni nani. Aligeuka akatazama ukuta, akapapasa funguo, akatoka. Alirudi saa sita usiku. Hakugomba. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Mke wangu, mimi sijakasirika. Nashindwa nimwone vipi kesho asubuhi."

Kesho yake mama hakukumbuka lolote. Yeye alikumbuka. Tukaishi siku kadhaa tunapishana koridoni kama wapangaji. Nilianza kuondoka ofisini saa tisa, naye akaanza kuchelewa kurudi, na usiku kila mmoja alikuwa na hesabu zake za nani kafanya zaidi. Wenzangu mlio kwenye ndoa changa, na ninyi mlio kwenye uchumba, ulizaneni swali hili kabla hamjachagua rangi za sare: mzazi wa mmoja wetu akiugua hivi, tutafanyaje? Sisi hatukuwahi kuulizana.

Wiki ya tatu tulimrudisha Machame. Gari lilipoacha barabara kuu pale njia panda na kuanza kupanda, mama alishusha kioo, akavuta hewa, akaanza kuimba.

Zamu yangu

Wifi alitupokea, akamwogesha mama, akamlisha, akamlaza. Kisha akaniambia kitu kimoja tu. Mdogo wake anaolewa Rombo mwezi ujao na angependa kwenda, lakini hana wa kumwachia mama. Nikahesabu. Alikuwa hajalala nje ya nyumba ile kwa miaka miwili na miezi minne. Nikaomba likizo ya siku 14.

Siku yenyewe iko hivi. Saa kumi na moja alfajiri unabadilisha shuka. Unamwogesha, kazi ya nusu saa kama hajaamua kwamba wewe ni mwizi. Nguo unampa moja moja, ukizimwaga zote kitandani anachanganyikiwa. Uji ni saa nzima. Vidonge. Anauliza baba yuko wapi. Unamwambia ametoka. Anauliza tena. Mchana analala kidogo, wewe unafua. Anaamka, anataka kwenda shule. Saa kumi na moja jioni, kivuli kikianza kuingia migombani, ndipo mambo yanapoanza: anasimama, anakaa, anatafuta furushi. Usiku unalala sikio moja wazi.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na dimenshia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wanafamilia wanaowatunza hutumia kwa wastani saa 5 kwa siku, na asilimia 70 ya saa hizo ni za wanawake. Saa 5! Nilipofika siku ya nne nilitaka kumjua aliyefanya hesabu hiyo.

Siku ya tisa nilianguka. Jioni ileile ya kila siku, furushi lilelile.

"Nakwenda kwetu."

"Mama, hapa ndipo kwako. Umekaa hapa miaka 50."

"Hapa si kwetu. Mama ananisubiri."

"Mama, kaa chini tafadhali."

"Mama ananisubiri, nitapigwa."

Nikapiga kelele: "Mama yako alikufa! Alikufa mwaka 1984!"

Alinitazama. Kisha akalia, na si kilio cha mzee anayekumbuka, ni kilio cha mtu aliyeletewa taarifa ya msiba dakika hiyo. Kwake ilikuwa hivyo. Mimi nikakimbilia jikoni, nikakaa juu ya gunia la makaa, nami nikalia.

Baada ya nusu saa nikarudi. Msiba alikuwa ameusahau, hofu ilikuwa imebaki. Aliponiona mlangoni alisimama haraka, akakunja magoti kidogo, macho chini.

"Shikamoo," akasema.

Ndugu msomaji, wewe na mimi tumefunzwa neno hilo kabla ya kufunzwa kula. Linapanda, halishuki. Mama yangu mzazi ananiamkia mimi? Nilisimama sijui nifanye nini. Nikikataa, ataogopa zaidi. Nikiitikia, nimeitikia nini? Mwishowe nilisikia sauti yangu ikisema, "Marahaba."

Mabega yake yakashuka. Akakaa. "Wewe ni mwalimu mgeni?"

"Ndiyo," nikasema.

"Karibu. Watoto wa hapa wasumbufu, lakini wakikuzoea wanasoma." Akaniambia yupi anatoroka kwenda kuwinda ndege, yupi mama yake ni mgonjwa kwa hiyo asipigwe akichelewa, na kwamba nisimwamini mwalimu mkuu katika mambo ya hela. Tukaongea mpaka saa tatu usiku. Kwa miaka miwili sikuwa nimeongea na mama muda mrefu kiasi kile.

Nilimpigia wifi nikamsimulia, nusu nalia. Akacheka. "Wifi, mimi ananiamkia tangu mwaka juzi."

Ndipo akanifundisha, kwa simu, katikati ya ngoma za harusi ya mdogo wake. Akisema anakwenda kwao usibishane. Mwambie sawa mama, tunywe chai kwanza. Mkishakunywa, mshike mkono mtoke mlango wa nyuma, mzunguke migombani taratibu, mpitie bandani amwone ng'ombe, kisha muingie mlango wa mbele. Mwambie tumefika. "Mara nyingi anakubali," alisema. "Akikataa mnazunguka tena." Hajapita semina yoyote, na hakuna aliyemlipa. Alikuwa ameligundua mwenyewe usiku, kwa kutembea.

Yako mengine aliyoyaweka ambayo sikuwahi kuyaona nilipokuja na zawadi za Krismasi. Kengele ya mbuzi kwenye geti. Namba za simu zimeshonwa kwenye upindo wa kila kanga. Vijana wa kijiweni wote wana picha ya mama kwenye simu zao, na wakimwona barabarani wanamwambia, "Mwalimu, panda, shule imefungwa," wanamrudisha. Wengine walifundishwa na yeye kusoma.

Na kila asubuhi, kikapu cha maharage ya kuchambua. Nilidhani ni kazi tu ya nyumbani. Baadaye nilisoma kwamba Hai hiyohiyo walijaribu tiba ya vikundi, vipindi 14 ndani ya wiki 7, wazee wakiimba, wakicheza, wakishikashika vitu wanavyovijua na kuongea juu yake. Kumbukumbu ikapata nafuu, wasiwasi ukapungua. Walikuwa wagonjwa 34 tu, kwa hiyo sikuuzii muujiza. Ninachojua ni kwamba mama akichambua maharage hatafuti furushi.

Kikao cha tarehe 27

Desemba tulikaa kikao, watano, yule wa Marekani kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Nilisema wifi alipwe. Kukawa na kimya, kisha kaka mkubwa: "Tumlipe mke wa mtu kwa kumtunza mama mkwe wake? Watu watatuelewaje?" Dada akamuuliza yeye anamlipa nani Arusha kumlea mtoto wake, na kiasi gani. Hapo kikao ndipo kilipoanza kweli.

Yakatoka yaliyokuwa yamefichwa. Kaka mkubwa alikuwa na hofu ya kihamba, kwamba anayemtunza mama ndiye atakayemsainisha karatasi. Ni hofu ya kawaida mlimani, ardhi ni finyu na watoto ni wengi, afadhali isemwe mezani kuliko kunong'onwa. Tukakubaliana hakuna atakayempelekea mama karatasi yoyote. Mtu asiyeelewa anachokisaini hawezi kuingia mkataba halali, na wosia nao unadai akili timamu. Kama mzazi wako yuko mwanzoni na bado anaelewa, muulize anataka nini sasa hivi. Sisi tulichelewa.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Hatukumwita kikaoni, unaona jinsi tulivyo? Dada alitoka nje, akarudi na jani la isale kutoka mpakani, akamkabidhi kaka mkubwa bila kusema neno. Kwetu isale ni la kuombea msamaha, na ukiletewa hukatai. Kaka alilishika muda mrefu. Kisha akainuka akampa wifi kwa mikono miwili.

Sasa wifi anatumiwa hela yake kwenye namba yake mwenyewe, si ya mumewe. Kuna mama wa jirani anayekuja asubuhi mpaka saa nane. Wa Marekani analipia dawa za presha na pampasi za watu wazima, ambazo bei yake ilimfanya anipigie kuuliza kama sijakosea tarakimu. Na sisi wanne tuna zamu za wiki mbili kila mwaka, za mwili wetu, si za M-Pesa. Wa Marekani ya kwake anainunua kwa tiketi ya ndege, na mwaka huu alikuja. Kaka mkubwa alimaliza siku sita kati ya 14 akasingizia kazi. Amekubali kumalizia.

Februari nilikwenda na mume wangu. Lilikuwa wazo lake: "Kila siku anasema anataka kwenda kwao. Tumpeleke." Tukashuka mpaka barabara kuu, tukapanda upande wa Kibosho. Njiani mama alimuuliza mara tatu, "Baba, wewe ni dereva wa nani?" na mara tatu akajibiwa, "Mimi ni mkweo, mama." Kihamba cha babu sasa kina nyumba ya matofali ya binamu yangu. Mama hakuitazama hata kidogo. Alipita pembeni yake moja kwa moja, tukamfuata, akashuka mpaka kwenye mfongo, akavua viatu, akatumbukiza miguu. Mume wangu akakunja suruali akakaa kando yake. Sijui waliongea nini.

Jua lilipoanza kuzama mama akasema, "Twende nyumbani, giza linaingia."

"Nyumbani wapi, mama?" nikauliza, na mara nikajuta kuuliza.

"Kwa yule dada anayenipikia."

Tulifika Machame saa moja na nusu. Wifi alikuwa getini na tochi. "Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba mwanangu. Mmeshindaje?"

Akamshika mkono, wakaanza kupanda kuelekea mlangoni. Nusu ya njia wifi akageuka. "Wifi, mwezi wa nne ni zamu ya nani? Nina miadi ya meno."

Nikafungua kalenda kwenye simu. Ilikuwa ya kaka mkubwa, zile siku nane zilizobaki. Nikampigia palepale uani.